Tairi la Kulia

Fundi Kibwana alizikwa Jumatano baada ya swala ya adhuhuri, na wanaume waliporudi kutoka makaburini sisi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, uani kwa binti yake, huko Ilala, tukingojea chakula. Nilikuwa nimeegemea ukuta, miguu nimeinyoosha kwa kuwa magoti yangu siku hizi hayataki kukunjwa, nikasikia mtu anapiga hodi kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimjua kabla ya kumwona. Ndeshi aliingia amejifunga kitenge juu ya gauni, mfuko wa sukari mkononi, akawapa pole wafiwa mmoja mmoja, kisha akatafuta pa kukaa. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando yangu. "Mwanaidi," alisema, "umenenepa." Nikamwambia naye kanenepa. Tukacheka kidogo, cheko la kuibia la msibani, tukala wali kwenye sinia moja, na tulipokwisha kunawa akanielekeza duka lake la mapazia lilipo, Mtaa wa Kongo, akasema nisije nikapita Kariakoo bila kumsalimia. Nikasema inshallah. Lakini nilipokuwa nafunga mtandio nilijua kwamba nikienda dukani kwake sitaenda kumsalimia tu.

Katika kumbukumbu hizi ninazoziandika, sura hii ningeweza kuiruka. Wanangu wanajua kwamba mama yao alikuwa fundi wa ndege, kwamba kwa miaka mingi alifunga na kufungua magurudumu na breki za ndege kubwa, na kwamba alipostaafu walimfanyia karamu na kumpa saa ya ukutani. Wanapenda kuwasimulia wenzao. Hawajui nilivyoipata nafasi ile, na hawajawahi kuuliza, maana mtoto huona kazi ya mzazi wake kama rangi ya ngozi yake, kitu alichozaliwa nacho. Mimi sikuzaliwa nacho. Nilikipata mwaka mmoja nikiwa na miaka ishirini na moja, ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la mabomba, katika chumba kirefu chenye madirisha mawili na meza tatu. Hapo ndipo Fundi Kibwana alipokuwa na karakana yake. Kutoka darini zilining'inia ndege za mfano, kubwa kama meza ya kulia chakula na ndogo kama njiwa, na upepo ukiingia zote zinageuka taratibu kuelekea upande mmoja. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikazitazama mpaka akanikemea: umekuja kufanya kazi au kuhesabu?

Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye ndege za kweli hadi injini zikamharibu masikio, akaachishwa. Ndipo akaanza kutengeneza hizi ndogo. Kulikuwa na klabu ya watu waliorusha ndege za mfano kwa rimoti kila Jumapili kwenye kiwanja cha changarawe nje ya mji, wahandisi, marubani, madaktari wawili watatu, na kila Jumatatu walituletea walichovunja. Jumatatu karakana ilifanana na wodi ya majeruhi. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa na hasira za karibu, alisikiliza mpira redioni kwa sauti ya kuudhi mtaa mzima, na kwa kuwa hasikii vizuri, kila kitu alichosema kilisemwa kwa kelele, na kila aliyezungumza naye alilazimika kupiga kelele vilevile. Hakukuwa na siri katika chumba kile. Hilo nalikumbuka kuliko vingine, maana laiti angekuwa na masikio mazima, pengine nisingekuwa na la kuandika hapa.

Watu hudhani ndege ya mfano huharibikia hewani. Nyingi huharibikia chini. Ikishuka kwenye changarawe, mzigo wote unaangukia magurudumu mawili ya upana wa kifuniko cha chupa ya chai, na ikigusa kwa ubavu tairi linataka kuvuka ukingo wa rimu na kutoka. Kazi yetu mimi na Ndeshi ilikuwa kulizuia lisitoke. Matairi ya dukani yalikuwa adimu, kwa hiyo tulikata yetu kwenye soli za kandambili. Za bluu zilikuwa ngumu vya kutosha, nyeupe zilikatika. Unachora duara, unakata, unatoboa katikati, unalisaga kwa msasa mpaka liviringe vizuri. Tundu la katikati sharti liwe dogo kuliko rimu, ili tairi libane. Kisha unalilowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo sana, unalivuta juu ya rimu kwa mpini wa kijiko, unaliacha likauke hadi kesho yake. Likishakauka unainua mdomo wake kidogo kwa sindano na kupitisha gundi chini yake, robo kwa robo, mpaka umalize mzunguko, halafu unalifunga kwa uzi na huligusi siku nzima. Fundi Kibwana alirudia kutuambia jambo moja hadi likatuchosha: ni maji ya sabuni, si kitu kingine. "Maji yanaondoka," alipiga kelele. "Mafuta hayaondoki. Gundi haishiki juu ya mafuta hata uiombe."

Ndeshi alikuja miezi miwili baada yangu, akanipita katika wiki ya tatu. Alitoka Moshi, alikaa Buguruni kwa shangazi yake, na alikuwa na mikono ambayo mpaka leo sijaona mfano wake, hata katika hanga la ndege lililojaa mafundi. Mimi nilipima mara tatu na bado nikakosea. Yeye alitazama, akakata, ikakaa. Hakujua kwamba hilo ni jambo la ajabu. Akiona nahangaika alivuta stuli yake karibu, akalichukua tairi mkononi mwangu, akalivisha, akanirudishia kama mtu anayekurudishia kitambaa ulichodondosha. Nilimpenda. Lazima niliandike hilo wazi, maana yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani nilikuwa adui yake. Mchana tulikula pamoja kwa Mama Zuhura, aliyepika chini ya ngazi: wali na mchicha wa nazi, au maharage, na siku mumewe alipotoka soko la samaki la Feri na kitoweo, vibua vya kukaanga ambavyo tuligawana kimoja watu wawili. Jumamosi Ndeshi alileta mtori wa shangazi, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai. Alinifundisha kuunywa ukiwa wa moto sana. Nilimfundisha kula embe bichi na pilipili, akalia machozi, akaomba jingine. Tulizungumza juu ya wanaume, juu ya viatu, juu ya nyumba tutakazojenga. Nilikuwa na rafiki wa kweli mwaka ule, na sikuwa nimewahi kuwa naye kabla.

Mambo yalibadilika alipokuja Injinia Mapunda. Alikuwa mwenyekiti wa klabu, na kazini kwake, kwenye kampuni moja ya ndege, walikuwa wanataka kuchukua mwanafunzi mmoja wa kike wa ufundi. Mmoja tu. Alimwambia Fundi Kibwana kwamba ana nguvu ya kupendekeza jina, na kwamba kila mmoja wetu atengeneze ndege yake mwanzo hadi mwisho, zirushwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, kisha wataamua. Mimi na Ndeshi tulishikana mikono kwenye ngazi tukaahidiana kwamba atakayepata hataringa, na atakayekosa hatanuna. Tulikuwa tunamaanisha.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, nafagia, Injinia alipoingia. Ndeshi alikuwa ametumwa kununua uzi. Sikujificha, ila sikukohoa pia. Walizungumza kwa kelele, kama ilivyobidi.

"Unawaonaje?" Injinia aliuliza.

"Huyu Mwanaidi anajitahidi," alisema Fundi Kibwana. "Hachoki. Lakini yule mwingine, bwana, yule ana mkono. Kujitahidi kunafundishika. Mkono haufundishiki."

"Basi majaribio ni ya nini?"

"Ya kukutoa wasiwasi wewe. Mimi nimeshaamua."

Nilimaliza kufagia. Nilikusanya vumbi lote kwenye beleshi, nikalimwaga kwenye ndoo, nikaosha mikono. Nakumbuka kwamba sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningejielewa vizuri zaidi baadaye. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Siku iliyofuata, Ijumaa, mtoto wa jirani yao alikuja mbio kumwita Ndeshi. Shangazi yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua, na hakukuwa na mtu wa kubaki na watoto wadogo. Ndeshi alikuwa amesharembesha ndege yake, nyeupe yenye mstari mwekundu, na gurudumu la kushoto alikuwa amelivisha tairi tangu asubuhi. La kulia lilikuwa bado. Rimu ameisugua kwa msasa hadi imepauka, tairi liko tayari kando yake. "Nivishie hili moja tu, dada," aliniambia akivaa viatu. "Likauke. Gundi nitapaka mwenyewe kesho asubuhi." Nikamwambia aende, asiwe na wasiwasi.

Nilichukua bakuli nikaenda kwenye bomba. Halikutoa kitu. Mtaa mzima ulikuwa umekatikiwa maji tangu adhuhuri, jambo la kawaida, na ndoo zetu zilikuwa tupu kwa sababu zamu ya kuzijaza ilikuwa yangu na nilisahau. Mama Zuhura alikuwa na dumu la maji ya kupikia. Ningeweza kushuka ngazi kumi na nne na kumwomba kikombe. Badala yake nilirudi mezani, nikafungua mkoba wangu, nikatoa kichupa cha mafuta ya nazi niliyojipaka mikononi kwa sababu msasa uliichubua. Nilidondosha matone mawili ndani ya tairi. Likateleza kwenye rimu mara moja, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, bila kijiko, bila kuhangaika. Nililifuta kwa nje na kitambaa nikaliweka kando ya lile la kushoto. Usingeweza kuyatofautisha.

Nimeufikiria mchana ule mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Nimejiambia kwamba nilichoka, kwamba sikuwaza. Nimejiambia pia kwamba niliwaza vizuri sana. Mpaka leo nikiapishwa siwezi kusema ni lipi la kweli. Ninachokijua bila shaka ni cha asubuhi iliyofuata. Ndeshi alikuja mapema, macho mekundu kwa kukesha na watoto, shangazi kajifungua salama mtoto wa kiume. Maji yalikuwa yamerudi. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaifuta, akaketi dirishani penye mwanga, akaanza kupaka gundi. Nilisimama nyuma yake. Aliinua mdomo wa tairi lile la kulia kwa sindano, akapitisha gundi robo ya kwanza, akangoja, robo ya pili, akangoja. Alifanya kama ilivyofundishwa, vizuri kuliko ilivyofundishwa. Ilimchukua karibu nusu saa. Katika nusu saa ile nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu, livue lina mafuta, na tungecheka, tungelivua, tungelisugua upya, na mambo yangekwenda yalivyopaswa kwenda. Alifunga uzi. Akageuka akaniuliza, "Unaonaje?" Nikasema, "Safi."

Jumapili tulikwenda kiwanjani kwa gari la Injinia, ndege zetu tumezipakata magotini. Yangu ilirushwa kwanza. Ilipanda kwa kuyumba, ikazunguka, ikashuka kwa kudunda mara mbili, ikasimama nzima. Watu wakapiga makofi ya adabu. Ya Ndeshi ilipopaa hakuna aliyepiga makofi kwa sababu wote walikuwa wanaitazama. Ilikwenda kama kitu kilichokuwa kinangojea kuachiwa. Fundi Kibwana alikuwa ametabasamu, naye hakuwa mtu wa kutabasamu. Iliporudi na kugusa ardhi niliona tairi la kulia likijivua, taratibu kabisa, kama kiatu kikubwa mguuni kwa mtoto. Rimu tupu ikachimba changarawe, ndege ikajizungusha, ikapinduka. Bawa likavunjika katikati na propela ikaruka vipande.

Ndeshi alitembea mpaka pale. Hakukimbia. Aliokota lile tairi kwanza, kabla ya ndege. Injinia alimfuata, akalichukua, akapitisha kidole ndani yake. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka walipo.

"Ndani kuna utelezi," alisema kwa upole. "Mikono ilikuwa na mafuta?"

Ndeshi alitazama viganja vyake. "Nilinawa," alisema. Kisha akavigeuza. "Nilidhani nilinawa vizuri. Sikulala, watoto walilia. Labda sikunawa vizuri."

"Inatokea," alisema Injinia.

Fundi Kibwana alinigeukia mimi. Sijui kwa nini. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama bawa lililovunjika. Kama angeuliza ningejibu. Nimejifariji kwa sentensi hiyo kwa miaka mingi, nayo ni uongo, kwa maana Ndeshi ndiye aliyekuwa akiniuliza bila kuuliza, na yeye sikumjibu.

Jina lililopendekezwa lilikuwa langu. Ndeshi alitimiza ahadi ya kwenye ngazi, hakununa. Alinishonea begi la turubai la kuwekea vifaa, lenye mifuko sita. Fundi Kibwana alimsihi abaki, lakini baada ya mwezi mmoja Ndeshi alimwambia kwamba kaka yake anahitaji mtu wa kusimamia duka. Aliondoka siku ambayo mimi nilikuwa darasani. Nilijifunza kazi, nikaiweza. Kujitahidi kunafundishika, alikuwa amesema kweli. Katika kazi yetu kila gurudumu unalofunga unatia saini jina lako, ili likileta matatizo ajulikane aliyelifunga, na sikuwahi kutia saini bila kwanza kusimama kidogo. Wenzangu walidhani ni umakini. Vijana walipelekwa kwangu wajifunze umakini huo.

Nilikwenda Mtaa wa Kongo siku tisa baada ya mazishi, asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Duka lilikuwa refu na jembamba, marobota ya vitambaa vya mapazia yamesimama hadi darini. Nyuma kulikuwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi anapima kitambaa kwa mita. "Shikamoo mama," alinisalimia. Nikamjibu marahaba. "Ni Neema, binti yangu," alisema Ndeshi, akanivutia stuli, akaagiza chai. Nilimwambia kabla chai haijafika, kwa sababu nilijua ikifika nitainywa na nitaondoka. Nilimweleza kuhusu bomba, na mafuta, na kwamba nilikuwa nimesikia nyuma ya plaiwudi kuwa nafasi ni yake. Nilimwambia nilisimama nyuma yake nusu saa. Sikumwomba msamaha mara moja, nilitaka amalize kusikia kwanza.

Mteja aliingia, akauliza bei ya kitambaa cha kahawia. Ndeshi akamjibu, akamkunjulia, akamkunjia, mteja akaondoka. Kisha akakaa.

"Umekuja ili wewe ulale usingizi," alisema.

"Pengine," nikasema. "Nimekuja pia kwa sababu ni haki yako kujua."

"Haki yangu." Chai ikafika, hakuna aliyeigusa. "Unajua niliporudi kwa kaka nilimwambiaje? Nilimwambia mikono yangu ni ya kuuzia, si ya kutengenezea. Hakunilazimisha mtu. Nilisema kwa kinywa changu. Bomba likivuja nyumbani naita fundi. Waya ukikatika naita fundi. Sijashika bisibisi tangu mwaka ule." Sauti yake haikupanda. "Na huyu," akaashiria nyuma kwa kidevu, "alipomaliza shule alitaka kusoma ufundi umeme. Alikuwa ameshajaza fomu. Nikamkataza. Nikamwambia kwetu hatuna mikono hiyo, utaua mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa machozi, hata kwa kusamehewa. Kwa miaka yote nilihesabu kwamba nilimnyang'anya mtu mmoja kitu kimoja. Nilimtazama yule binti aliyeinamia kitambaa, mkasi unakwenda mbele bila kusitasita, mstari umenyooka ingawa hakuwa amechora kitu, nikaona nilikuwa nimehesabu vibaya.

"Nisamehe, Ndeshi," nikasema.

"Hilo tutalizungumza siku nyingine." Aliinuka, akavuta stuli ya tatu, akaiweka kando ya yangu. "Neema, acha hicho kitambaa. Njoo ukae hapa."

Binti akaja, akikunguta nyuzi kwenye sketi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu mama ni fundi wa ndege," Ndeshi alimwambia. "Tulifanya kazi pamoja. Ana jambo la kukusimulia kuhusu mikono yangu." Akanigeukia. "Mwambie. Usianzie kiwanjani, anzia mwanzo."

Nikaanza. Ilikuwa vigumu zaidi mara ya pili, maana Neema alisikiliza kama wanavyosikiliza watu wanaopenda kazi za mikono, akiuliza rimu ilisuguliwa vipi, gundi ilipitishwa wapi, na ilinibidi nimweleze kwa usahihi kila kitu ambacho mama yake alikifanya sawasawa. Nilipofika kwenye kichupa cha mafuta aliacha kuniangalia, akamgeukia mama yake. Ndeshi hakumtazama yeyote kati yetu. Alikuwa ameiweka mikono yake juu ya kaunta, viganja juu, anaitazama.

Nikasita.

"Usinyamaze," alisema. "Endelea."

Nikaendelea.